Kila arafa tusiyoiomba iwe na bei yake kisheria

Kwa Mhariri,

Ninaandika kuhusu arafa na simu za mashine zinazotufikia bila sisi kuziomba: za ploti, za kamari, za mikopo, za dawa za kupunguza unene, na siku hizi sauti zilizorekodiwa ambazo ukipokea tu zaanza kusema bila kujali aliyepokea ni nani. Wengi wamekwisha kulalamika juu ya kero hii. Langu mimi ni ombi moja mahsusi kwa wabunge wetu: sheria itaje kiasi cha pesa ambacho mtumaji atamlipa mwenye simu kwa kila arafa au simu aliyoituma bila idhini yake. Kiasi hicho kijulikane tangu mwanzo, na mtu asilazimishwe kuthibitisha hasara ndipo alipwe.

Mimi ni fundi wa nguo za wanawake, Majengo hapa Mombasa. Nashona madera, mabuibui, magauni ya harusi na sare za shule, na karibu kazi yangu yote hupitia kwenye simu. Mteja hunitumia picha ya mshono anaoutaka. Mwingine yuko Biashara Street, ameshika kitambaa dukani, anapiga kuniuliza mita ngapi zitamtosha yeye na binti zake. Mzazi anataka kujua kama sketi ya mtoto iko tayari, maana shule zafunguliwa Jumatatu. Simu ya fundi haizimwi wala hainyamazishwi. Nikiwa nashona shifoni na simu ikalia, sina budi kusimamisha cherehani, nizamishe sindano ndani ya kitambaa kisiteleze, ndipo nipokee. Nasikia sauti ya mwanamke iliyorekodiwa ikinipongeza kwamba nimebahatika kupata punguzo la ploti Vipingo. Nikirudi kwenye cherehani mshono umekwenda upande, na shifoni ikishavutika haina dawa ila kufumua na kuanza upya.

Nimeambiwa mara nyingi, "Si usipokee nambari usiyoijua?" Mteja mpya ni nambari nisiyoijua. Mwalimu mkuu aliyenipa kazi ya sare za darasa zima alinipigia kwa nambari nisiyoijua. Anayetoa ushauri huo ana mshahara wa mwisho wa mwezi. Sisi tunaoishi kwa oda hatuwezi kuufuata.

Na kuna mamangu. Anakaa Kisauni, ni mtu mzima sana, ana kabambe yake ndogo ya kubonyeza. Arafa husomewa na wajukuu, lakini simu hupokea mwenyewe. Ile sauti iliyorekodiwa yeye huiitikia kama mtu. Huisalimu, huiuliza, "Nani mwenzangu?" Ikiendelea kusema bila kumjibu hupandwa na wasiwasi, akidhani ni mmoja wetu yuko taabuni na hamsikii. Kisha hutupigia sote, mmoja baada ya mwingine, kuuliza kama tuko salama. Haya hayampati yeye peke yake. Kila nyumba yenye mzee mwenye simu yaijua hali hii.

Kwa nini zinatumwa kwa wingi hivi? Kwa sababu arafa moja ya jumla humgharimu mtumaji chini ya shilingi moja. Kwa bei hiyo hana haja ya kuchagua amtumie nani na amwache nani. Akituma laki moja na watu watatu wakanunua ploti, amepata faida. Wale wengine wote waliokatizwa kazi, usingizi au sala hawamo popote katika hesabu yake. Ninachotaka ni waingie katika hesabu hiyo, kwa shilingi, kabla hajabonyeza kitufe cha kutuma.

Sheria tunayo, tena ina mambo mazuri ambayo wananchi wengi hawajaambiwa. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila mtu, pamoja na faragha ya mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ikaja kuyafafanua hayo. Sehemu yake ya 37 inakataza kutumia data ya mtu kwa biashara bila idhini yake ya wazi au ruhusa ya sheria nyingine. Sehemu ya 32 inasema mzigo wa kuthibitisha kwamba idhini ilitolewa uko juu ya kampuni, na kwamba mtu aweza kuiondoa idhini yake wakati wowote. Hilo ni jambo kubwa. Mimi si wa kuonyesha kwamba sikukubali. Wao ndio wa kuonyesha kwamba nilikubali. Sehemu ya 56 inampa kila mwananchi haki ya kulalamika kwa Kamishna wa Data, na uchunguzi wapaswa kumalizika ndani ya siku 90. Kulalamika hakulipiwi. Unaweza kuandika, unaweza kutumia mtandao, na asiyejua kuandika aweza kueleza kwa mdomo maneno yake yakaandikwa. Unaweza pia kulalamika kwa niaba ya mwenzako.

Kisha sehemu ya 65 inasema aliyeumizwa na ukiukaji wa sheria hii ana haki ya kulipwa fidia, na madhara yanayofidiwa si ya pesa tu. Yamo pia ya fadhaa. Niliposoma hapo nilimkumbuka mamangu na maswali yake kwa ile sauti. Sheria inamtambua.

Sasa nieleze yaliyonipata nilipoitumia.

Katika Maonyesho ya Kilimo pale Mkomani nilipita kwenye banda la kampuni moja ya kuuza ploti. Palikuwa na karatasi za bahati nasibu: andika jina na nambari, tia kwenye sanduku, jioni wataokota mshindi. Karatasi ile haikuwa na neno hata moja kuhusu matangazo. Tangu hapo arafa zikaanza kuja, zikibeba jina la kampuni. Mwisho wa arafa paliandikwa STOP na msimbo *456*9*5#, kama ilivyo desturi, nami nikaubonyeza. Zikakatika kwa jina lile, zikarudi kwa jina jingine, ploti zikiwa ni zile zile na picha ni zile zile. Baadaye zikaja kwa nambari za kawaida zenye tarakimu kumi, ambazo huo msimbo hauzihusu kabisa, na baada ya hizo zikaanza simu za sauti iliyorekodiwa. Niliwaandikia barua pepe kwa Kiswahili kilicho wazi: futeni nambari yangu. Jibu lao lilikuwa kwamba wao hawatumi arafa, kazi hiyo wameipa kampuni nyingine kwa kandarasi, niwasiliane na hiyo. Jina la hiyo kampuni nyingine hawakunipa.

Nikapeleka malalamiko kwa Afisi ya Kamishna wa Data, pamoja na picha za arafa zote na ile barua pepe. Huko nilisikilizwa vizuri, sina la kulaumu. Kanuni za 2021 zinampa anayelalamikiwa siku 21 za kujibu, na zinaruhusu pande mbili kupatana. Kampuni ikataka tupatane. Basi wakili wao akaniuliza swali ambalo ndilo lililonifanya niandike barua hii: "Mama, wewe unadai kiasi gani, na kwa hasara ipi?"

Nilimweleza kuhusu shifoni. Akauliza kama nina risiti ya kitambaa kilichoharibika. Nilimweleza kuhusu wateja niliowakatia simu nikidhani ni mashine. Akauliza majina yao na oda zao zilikuwa za shilingi ngapi. Nikamwambia sheria inataja fadhaa. Hilo hakulipinga, ila akauliza fadhaa yangu nimeipimaje. Alizungumza kwa adabu, na maswali yake yalikuwa ya haki kwa mtu anayemtetea mteja wake. Mimi sikuwa na kipimo cha kumpa, na sheria haikunipa. Ningedai laki tano ingeonekana tamaa. Ningedai elfu moja ingekuwa nimekubali kwamba walichofanya ni kitu kidogo. Mwisho tuliafikiana wafute nambari yangu, wamwamuru yule mwenye kandarasi aifute, na wanilipe kitu walichokiita pesa ya usumbufu. Haikutosha kununua roli moja ya satini.

Ningeweza kukataa na kungoja uamuzi wa Kamishna, ambaye ana mamlaka ya kuagiza fidia. Lakini hata yeye itambidi apime kila kesi peke yake, na mlalamishi ataendelea kuulizwa lile swali la hasara. Ndiyo maana walio wengi hawaanzi kabisa. Nani atafunga kibanda asubuhi nzima kwenda kudai kitu asichojua thamani yake?

Nimesikia watu wakijibu kwamba faini zipo. Ni kweli zipo. Septemba 2023 Kamishna aliitoza kampuni ya Mulla Pride, iliyokuwa ikiendesha programu za mikopo za KeCredit na Faircash, Sh2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu ilizopata kwa wengine na kuwatumia arafa na simu za vitisho. Mapema mwaka huo huo Whitepath, nayo ya mikopo ya simu, ilitozwa Sh5 milioni kwa kutotii agizo. Nilifurahi kuona hatua hizo, kwa sababu hakuna udhia wa simu uliowadhalilisha Wakenya kama ule wa wakopeshaji: mtu akikawia kulipa, bosi wake, shemeji yake na jirani yake wote wanapigiwa na kuambiwa ni mwizi, ilhali wao hawakukopa wala kudhamini. Ilibidi kanuni za Benki Kuu za 2022 zipige marufuku tabia hiyo waziwazi.

Lakini tazama jinsi sheria ilivyoipima faini. Inasema faini iwe hadi Sh5 milioni, au kwa kampuni hadi asilimia moja ya mapato yake ya mwaka uliotangulia, kile kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Kilicho kidogo! Kampuni kubwa yenye mabilioni haitatozwa zaidi ya milioni tano hata ikiwaudhi watu milioni. Na faini ni ya serikali. Shemeji aliyepigiwa simu ya matusi hana fungu ndani yake. Akitaka chake aanze safari ya fidia, akutane na lile swali nililoulizwa mimi.

Binamu yangu anaishi Minnesota, Marekani, anafanya kazi ya kutunza wazee. Nilipomsimulia alinishangaza. Kwao kuna sheria ya tangu 1991 ya kuwalinda watumiaji wa simu. Anayepigiwa na mashine au sauti iliyorekodiwa kinyume na sheria hiyo ana haki ya kushtaki mwenyewe, na sheria imekwisha kutaja bei: dola 500 kwa kila simu, au hasara yake halisi, ile iliyo kubwa. Jaji akiona mtumaji alijua anachofanya, aweza kuizidisha hadi mara tatu, yaani dola 1,500 kwa simu moja. Sisi tumeandika kilicho kidogo, wao wameandika kilicho kikubwa. Arafa nazo mahakama za huko zimezihesabu kama simu. Tangu 2003 wana pia orodha ya taifa ambamo mtu husajili nambari yake isipigiwe na wauzaji, na anayerudia kumpigia aliye kwenye orodha aweza kudaiwa hadi dola 500 kwa simu.

Kesi moja ya huko inafaa kujulikana na wabunge wetu. Bwana Krakauer wa North Carolina, ambaye nambari yake ilikuwa kwenye hiyo orodha, aliishtaki Dish Network, kampuni ya televisheni za setilaiti, kwa niaba yake na ya wengine waliopigiwa kama yeye. Dish ilijitetea kwamba simu hazikupigwa nayo. Zilipigwa na ajenti aliyekuwa akiiuzia huduma zake. Ni utetezi ule ule niliopewa mimi na kampuni ya ploti. Mwaka 2017 baraza la mahakama, yaani raia wa kawaida walioteuliwa kuamua kesi, lilikataa utetezi huo, likahesabu simu zaidi ya 51,000 na kuweka dola 400 kwa kila moja. Jaji akaona ukiukaji ulikuwa wa makusudi, akaizidisha mara tatu, ikawa zaidi ya dola milioni 61. Mahakama ya rufaa ikaithibitisha hukumu mwaka 2019. Hakuna aliyeulizwa risiti ya kitambaa. Simu zilihesabiwa, zikazidishwa kwa bei.

Sisemi tuinakili sheria yao nzima. Ina kasoro zake. Kwa aina moja ya madai waliifunga sheria kwenye aina ya mashine, na teknolojia ikabadilika. Mwaka 2021, katika kesi ya mtu aliyekuwa akitumiwa arafa na Facebook ilhali hana akaunti huko, Mahakama yao ya Juu iliamua kwamba mashine inayohusika ni ile tu inayotumia nambari zilizozalishwa kwa bahati nasibu au kwa mfululizo. Kampuni inayotuma kutoka kwenye orodha iliyohifadhi ikaponea hapo. Sheria yetu ni bora kwa hili, kwa kuwa inauliza idhini tu. Mashine ni gani, programu ni gani, hayo hayana maana. Swali ni moja, alikubali au hakukubali? Hapo pasiguswe.

Kasoro nyingine ni kwamba huko kumezuka watu na mawakili wanaoishi kwa kuwinda kesi hizi, na katika mashtaka ya pamoja wakili aweza kuondoka na fungu nono wakati kila mlalamishi anapata pesa chache. Hofu hiyo naielewa. Dawa yake kwetu iko tayari: malalamiko kwa Kamishna hayahitaji wakili wala ada. Kiasi kikishaandikwa kwenye sheria, kazi inabaki kuhesabu arafa na kuuliza kampuni iko wapi karatasi ya idhini.

Napendekeza iwe Sh2,000 kwa kila arafa au simu ya biashara iliyotumwa bila idhini, na Sh6,000 kwa kila inayokuja baada ya mtu kusema aachwe. Mwenye hasara kubwa kuliko hiyo na aithibitishe alipwe hiyo kubwa. Mwenye bidhaa awajibike hata kama aliyebonyeza kitufe ni mwenye kandarasi. Wao kwa wao wadaiane baadaye. Na Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, iongezewe mamlaka ya kusikiliza haya, kwani hivi sasa hayamo katika orodha ya madai yake.

Wafanyabiashara watasema nataka kuua biashara ndogo. Mimi mwenyewe ni biashara ndogo. Kabla ya Idi huwaandikia wateja wangu kuwajulisha siku ya mwisho ya kupokea oda, nao hunishukuru. Ila huwaandikia wale tu waliokubali. Nina daftari la vipimo: bega, kifua, kiuno, urefu, na chini yake nambari ya simu, na pembeni nimeandika kama mteja amekubali kupewa habari au hataki. Fundi anaandika vipimo vya mwili wa mwanamke ambavyo pengine hata dada yake havijui. Nambari yake ya simu nayo ni amana kama hivyo vipimo. Aliwahi kuja kijana akitaka kunilipa ili anakili nambari zote za daftari lile kwa ajili ya duka la manukato. Nilimwambia atoke. Kama fundi mwenye cherehani mbili aweza kuulizia idhini na kuiandika kwa kalamu, kampuni yenye jengo na mawakili haina udhuru.

Wala siombi arafa zikomeshwe zote. Shule kunijulisha salio la karo, hospitali kumkumbusha mamangu siku ya kliniki, benki kuniarifu pesa imetoka, hizo ni huduma ninazozitaka. Hizo si matangazo, na mtu yeyote ajua tofauti yake.

Lipo jambo jingine linalonitia hofu zaidi kuliko ploti. Agosti 2027 tunapiga kura. Tunakumbuka Juni 2021, Wakenya wengi walipokagua na kujikuta ni wanachama wa vyama ambavyo hawajawahi kujiunga navyo. Nambari zetu na za vitambulisho ziko mikononi mwa watu wengi mno: kwenye madaftari ya mabawabu wa majengo, kwenye fomu za mabanda ya maonyesho, kwenye programu za mikopo. Sasa ongeza sauti za kuigwa na kompyuta. Januari 2024, huko New Hampshire, wapiga kura walipigiwa simu na sauti iliyoigizwa kuwa ya Rais Biden ikiwaambia wasijitokeze katika uchaguzi wa mchujo. Mwezi uliofuata, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani ilitangaza kwamba sauti za namna hiyo zinahesabiwa kuwa sauti za mashine chini ya ile ile sheria ya 1991, kwa hiyo haziruhusiwi kupigia watu bila idhini. Walikuwa na sheria ya zamani ya kuegemea. Hapa kwetu sauti ya mgombea ikimpigia mamangu na kumwambia kituo chake cha kura kimehamishwa, ataiamini, ataiitikia na kuiombea dua. Kiasi kwa kila simu kingewafanya wanaolipia kampeni za namna hiyo wafikirie mara mbili, kwani simu laki moja kwa Sh2,000 ni Sh200 milioni, na hapo mtu hawezi tena kusema faini ataimeza.

Wakati tukingoja Bunge, nawasihi wasomaji msifute arafa hizo kwa hasira. Zipigeni picha zikionyesha jina au nambari ya mtumaji, tarehe na saa. Simu za sauti, andikeni nambari na wakati, na kama simu yako yaweza kurekodi, rekodi. Mwandikieni mtumaji mara moja kumkataza, kwa maandishi, mhifadhi nakala, maana arafa zinazokuja baada ya hapo ndizo nzito zaidi kwenye malalamiko. Ulizeni pia nambari yenu waliipata wapi. Sheria inakupa haki ya kujua data yako inatumiwa kwa kazi gani. Kisha pelekeni malalamiko. Kila faili inayofunguliwa pale ni ushahidi kwa wabunge kwamba tatizo hili lina watu nyuma yake.

Ninatayarisha sasa malalamiko ya pili, kwa niaba ya mamangu, dhidi ya waliokuwa wakimpigia kwa ile sauti. Wajukuu wameandika nambari na saa za simu hizo nyuma ya kalenda. Safari hii nikiulizwa ninadai kiasi gani nitajibu Sh2,000 kwa kila simu, na Sh6,000 kwa kila moja iliyopigwa baada ya kaka yangu kuwaambia wamwache. Sheria bado haijaniruhusu kusema hivyo kwa uhakika, lakini nitasema. Nakala ya barua hii nimeipeleka kwa afisi ya mbunge wa Mvita.

Fundi wa nguo,
Majengo, Mombasa